Kanisa la Old Moshi lilianza mikononi mwa Waanglikana. Nani aliligeuza kuwa la Kilutheri?

#1 Mwana_wa_Mlima
Wakuu, salaam.

Mimi ni wa Old Moshi. Nimebatizwa KKKT, kipaimara nimepata KKKT, na upande wa baba ni Walutheri tangu mababu. Ukimwuliza mtu yeyote kule nyumbani atakwambia dini ililetwa na Wajerumani. Sasa fuatilia miaka. Wamisionari wa kwanza kukaa kwa Mangi Rindi, mtawala wa Old Moshi, walikuwa Waingereza wa CMS, yaani Waanglikana, nao walianza 1885. Walutheri wa misheni ya Leipzig, Wajerumani, walipanda mlima Kilimanjaro 1893, tena wakaanzia Machame, mwaka uliofuata wakaenda Mamba. Old Moshi kituo chao kilifunguliwa 1896.

Kwa hiyo kuna miaka kama saba ya Uanglikana pale kwetu ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye mahubiri hata mara moja. Ilikuwaje mpaka tukahamishwa? Na wale waliokwisha kuanza kusoma kwa Waingereza waliulizwa lolote?

Mwenye simulizi za wazee alete. Wa "madhehebu yote ni ya Mungu mmoja" nawaheshimu, ila leo natafuta habari.

#2 Tulia_Usome
Uzi mzuri. Naweka kiti hapa.

#3 Kihamba
Mkuu, jibu ni fupi: vita vya 1892.

Rindi alikufa 1891, mwanawe Meli akatawala akiwa kijana bado. Juni 1892 von Bülow akatoka kituo cha Wajerumani Marangu kwenda kumpiga Meli. Akapigwa yeye, akafa. Ilikuwa aibu kubwa kwa serikali ya kikoloni, na aibu hutafutiwa mtu wa kubebeshwa. Wakasema Waingereza wa misheni wamempa Meli bunduki na baruti. Wamisionari wakakana. Gavana von Soden hakutaka kusikia, akashinikiza waondoke. Askofu wao Tucker akakubali, na mwaka huohuo Mchungaji Steggall wa CMS akahamia Taveta, upande wa Waingereza.

Agosti 1893 von Schele, aliyekuja kuwa gavana baada ya von Soden, akaja na jeshi zito, Meli akashindwa. Muda mfupi baadaye Leipzig wako Machame. Unganisha mwenyewe.

#4 Ndizi_Ng'ombe
Na chanzo cha yote ni Malkia Victoria kumpa mjukuu wake Kaiser Wilhelm mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mlima ukawa wa Wajerumani, na dini ikafuata mlima. Ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda pale.

#5 Mwalimu_wa_Zamani
@Ndizi_Ng'ombe hiyo ya zawadi tumefundishwa wengi, lakini haisimami. Mpaka ulikubaliwa 1 Novemba 1886, na Wilhelm wa Pili alianza kuwa Kaiser 1888. Alikuwa bado hajakalia kiti. Mpaka ulipinda kwa sababu Juni 1885 Mjerumani Jühlke alishapata mkataba kwa Rindi, na Waingereza walitaka Mombasa na njia ya kwenda Taveta. Ni biashara ya mezani.

Ila hilo la dini kufuata mpaka usilitupe. Kutoka Taveta hadi Old Moshi si mbali kwa miguu, na watu wa pande zote mbili wamekuwa wakienda sokoni pamoja tangu zamani. Mstari mmoja kwenye ramani, leo huku KKKT kule Anglikana.

#6 Ndizi_Ng'ombe
Sawa mwalimu, umeeleweka. Basi zawadi hakupewa, aliichukua.

#7 Chuma_cha_Reli
Mimi napinga kichwa cha uzi. Kanisa halikugeuzwa kwa sababu kanisa halikuwepo. Kulikuwa na KITUO: nyumba ya Wazungu wachache, vijana wa kusoma, basi. Watu wa Old Moshi mwaka 1892 walikuwa wanaomba kwa Ruwa na kuchinjia mababu kama walivyofanya miaka yote. Huwezi kumbadilisha dhehebu mtu ambaye hajaingia dhehebu.

#8 Mwana_wa_Mlima
@Chuma_cha_Reli nakuelewa, lakini unapima kanisa kwa idadi ya waliobatizwa. Mtoto aliyekaa darasani kwa Mzungu miaka mitatu, akajua herufi, akajua Baba Yetu, halafu siku moja asubuhi mwalimu wake anafunga mizigo, huyo unamwita nani? Maana wamo waliomfuata Steggall mpaka Taveta. Waliacha kihamba, yaani shamba la ukoo, na ndugu wakaenda. Kwa Mchagga kuacha kihamba si jambo dogo, wewe unalijua hilo.

#9 Lumi_River
Niko Taveta, nimeona natajwa. Ni kweli, kituo cha CMS hapa kiliitwa Mahoo, na baada ya 1892 vijana kutoka upande wa Moshi walikaa na kusoma hapa. Sisi tumekua tukisikia kwamba misheni yetu ina mizizi "kule juu". Kwa hiyo ukitafuta kanisa lako la kwanza ndugu yangu, halikufa. Lilihamia huku.

#10 Mwana_wa_Mlima
@Lumi_River umenipa kitu ambacho sikukitarajia. Asante sana.

#11 Parokiani_Kilema
Walutheri na Waanglikana wanagombea mlima, sisi wa Kilema tunawatazama tu tukinywa kahawa ya mapadre. Roho Mtakatifu alifika Kilema 1890 na hajahama mpaka leo 😀

Sasa swali zito kwa @Kihamba. Mapadre wa Kilema walikuwa wa shirika la Kifaransa, la Roho Mtakatifu. Mfaransa na Mjerumani walipigana 1870, chuki ilikuwa mbichi kabisa. Kama shida ilikuwa uraia wa kigeni, mbona wao hawakuguswa?

#12 Kihamba
@Parokiani_Kilema sababu mbili. Wengi wa mapadre wale walikuwa watu wa Alsace, na Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani tangu 1871. Walizungumza Kijerumani na ofisa wa boma bila mkalimani. Pili, hawakuwa wanaishi kwa Meli. Mangi wa Kilema hakuwa kwenye vita na Wajerumani.

Kahawa nakubali, ilianzia kwenu.

#13 Mwalimu_wa_Zamani
Niongeze uzito kwa hoja ya @Parokiani_Kilema. CMS hawakufukuzwa Mpwapwa wala Mamboya. Walikaa chini ya Wajerumani mpaka vita ya kwanza ilipowakuta, na ndiyo sababu Ugogo na Ukaguru ni Anglikana hadi leo. UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana, nao walibaki Magila na Masasi. Waingereza watupu hao, ndani ya koloni la Mjerumani. Kwa hiyo "walifukuzwa kwa kuwa Waingereza" ni nusu ya maelezo.

#14 Mama_Mbege
Jamani wote mnazungumza kana kwamba Wachagga walikuwa mawe ya kuhamishwa tu. Wenye nchi walikuwa mamangi. Mnawasahau?

Rindi alikuwa mtu wa hesabu. Mwaka 1885 huohuo alipokea ujumbe wa Sultani wa Zanzibar ulioongozwa na Mathews, bendera ikapandishwa. Wiki chache baadaye akaweka mkono kwenye mkataba wa Jühlke. Na wamisionari wa Kiingereza akawapa pa kukaa. Mwaka 1889 akatuma watu wake mpaka Berlin kwa Kaiser! Mtu wa namna hiyo hakuwa anatafuta dhehebu. Alitaka mafundi, bunduki, na wageni ambao mangi wa Kibosho hana. Yeyote aliyekuja na manufaa alipewa uwanja.

Ndiyo maana naona kila mlima una dini ya mangi wake. Kibosho na Kilema Katoliki, Machame na Mamba Walutheri. Bibi yangu alikuwa wa Uru, kaolewa Old Moshi, akabadilisha kanisa siku ya ndoa na hakuna aliyemwuliza. Aliniambia, "Nilimfuata mume, mume alimfuata mangi."

#15 Chuma_cha_Reli
@Mama_Mbege shikamoo. Hapo kwa mangi nakubaliana nawe, na ndiyo hoja yangu: uamuzi haukuwa wa kanisa.

#16 Mama_Mbege
Marahaba mwanangu. Lakini usinigeuze. Mangi alichagua mgeni. Kusali kulichaguliwa na watu wenyewe, na wengine walichukua miaka ishirini kuamua.

#17 Ikutha_Yetu
Habari za jioni kutoka Kitui. Hapa kwetu ilikuwa kinyume kabisa, na ni Walutheri walewale wa mleta uzi.

Misheni ya Hersbruck kutoka Bavaria ilianza Jimba, karibu na Rabai, 1886, ikafika Ikutha 1891. Mwaka 1893 Leipzig wakaichukua. Kwa hiyo Ukamba ilikuwa na Walutheri KABLA ya Kilimanjaro. Baadaye wakajenga Mulango na kwingine. Vita vilipoanza 1914 Waingereza wakawakamata Wajerumani, vituo vikaachwa, na hatimaye vikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission (AIM). Leo ukienda Mulango unakuta AIC, kanisa lililotokana na AIM. Uliza vijana kama kanisa lao liliwahi kuwa la Kilutheri, watakuangalia tu.

Kwa hiyo 1892 Mjerumani alimtoa Mwingereza Moshi, 1914 Mwingereza akamtoa Mjerumani Kitui. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa tumeshabatizwa. @Chuma_cha_Reli hapa huwezi kusema kanisa halikuwepo.

#18 Chuma_cha_Reli
Hapo sina neno. Waliobatizwa Kilutheri walipokelewaje AIM? Walibatizwa tena kwa kuzamishwa?

#19 Ikutha_Yetu
Hilo ndilo wazee walikuwa wakigombania. Mlutheri anabatiza mtoto mchanga, AIM wanataka mtu mzima aliyeamua mwenyewe. Katika ukoo wetu kuna nyanya aliyekataa katakata kuingia majini mara ya pili. Alisema Mungu si msahaulifu.

#20 Ghuba_ya_Speke
Wanasimiyu tupo. Nassa, wilaya ya Busega ya sasa, CMS walikuwepo tangu enzi za akina Mackay wa Usambiro. Mwaka 1909 wakaikabidhi kwa AIM. Hakuna vita, hakuna bunduki, hakuna gavana. CMS walikuwa na watu wachache, kazi yao kubwa ilikuwa Uganda, Nassa ikawa imebaki pembeni peke yake. Wakakaa, wakakubaliana, wakaondoka. Waanglikana wakalala, wakaamka Inland.

Nayaleta haya kwa sababu mnatafuta mkosaji. Mara nyingine ni upungufu wa fedha na wafanyakazi tu.

#21 Mtemi_Kaskazi
Urambo vilevile. London Missionary Society walifika kwa Mirambo 1879, daktari wao Southon alikuwa rafiki wa mtemi kwelikweli, akazikwa hukohuko. Mwaka 1898 LMS wakawaachia Wamoraviani, wao wakajikusanya kusini mwa Ziwa Tanganyika upande wa Waingereza. Leo Urambo ukisema kanisa watu wanafikiria Moravian kwanza. @Ghuba_ya_Speke uhaba wa watu upo, lakini tazama walikoelekea. Walirudi chini ya bendera yao.

#22 Kihamba
@Mtemi_Kaskazi ahsante. Ndicho nilichosema tangu #3.

#23 Ghuba_ya_Speke
@Kihamba AIM ni Wamarekani. Nassa ilikuwa chini ya Mjerumani. Mwingereza kamwachia Mmarekani ndani ya nchi ya Mjerumani. Bendera gani hapo?

#24 Githumu_Girl
Mimi nasoma nikishangaa, kwa sababu huku Murang'a hatukukabidhiwa na mtu. Tulijitoa.

1929 AIM na Wascotland waliwataka waumini waweke sahihi au alama ya kidole kukataa tohara ya wasichana. Waliokubali wakaitwa kirore. Wengi wakatoka, wakajenga shule na makanisa yao wenyewe, na AIPCA, kanisa huru la Waafrika, ikazaliwa humo. Wale waliobaki AIM nao wakachoka, safari hii kwa sababu ya elimu, maana wazazi walitaka shule za juu na misheni haikuwa na haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Githumu wakajitenga kuwa African Christian Church and Schools. Hebu lisikilize jina. Shule zimo ndani ya jina la kanisa.

Guka (babu) yangu alisali AIM, halafu ACC&S hiyo, bila kubadilisha benchi alilokalia. Halafu 1952 hali ya hatari ikaja, shule za watu wa karing'a, yaani wale waliojitoa misheni, zikafungwa. Kwa hiyo serikali iliingilia pia, lakini iliwakuta wenyewe wameshaamua. @Mama_Mbege uko sawa kabisa.

#25 Tulia_Usome
Kiti nilichokiweka kimekuwa kochi. Endeleeni.

#26 Wakili_Kijijini
Naomba kupenyeza jambo la leo, kwa maana haya hayakuisha na ukoloni.

Kijiji kimoja Upareni nilikofanya kazi, usharika uligawanyika. Mchungaji na zaidi ya nusu ya waumini wakaenda dhehebu jingine la kiroho. Wakataka kwenda na jengo, kwa hoja kwamba mabati wamenunua wao, matofali wamefyatua wao, na sadaka za mavuno ni zao. Kwa moyo walikuwa na haki. Kwa sheria, kiwanja na jengo vilikuwa chini ya Bodi ya Wadhamini waliosajiliwa wa dayosisi, kwa mujibu wa Sheria ya Wadhamini, Sura 318. Waumini wakiondoka wote mpaka wa mwisho, mali inabaki ya bodi. Nilimwona mama mmoja mzee ameshika nguzo aliyoichangia, anauliza, "Hii nayo ni ya dayosisi?" Nilikosa jibu la kumpa.

Watu wa vijijini wengi hawalijui hili mpaka siku ya ugomvi. Mnaojenga mitaa mipya, ulizeni hati iko kwa jina la nani.

#27 Ndizi_Ng'ombe
Sasa 1892 bodi ya wadhamini ilikuwa nani?

#28 Wakili_Kijijini
Mangi. Ardhi aliitoa yeye, na mgeni alipoondoka ilirudi kwake. Ndiyo maana hoja ya @Mama_Mbege ina nguvu kuliko anavyodhani.

#29 Mama_Mbege
Nilikuwa nadhani hivyohivyo.

#30 Mwalimu_wa_Zamani
Turudi kwa mleta uzi. Nadhani sababu ya Uanglikana kusahaulika Old Moshi si 1892, ni yaliyofuata. Kuna mmisionari wa Leipzig anaitwa Bruno Gutmann. Alikaa Old Moshi kuanzia 1910 hadi 1938, ukiacha miaka ile baada ya vita. Alijifunza Kimochi, Kichagga cha Old Moshi, kuliko Wachagga wengine, akaandika mila, akatafsiri Agano Jipya, akajenga usharika juu ya ukoo na ujirani. Leipzig walisalisha kwa lugha ya nyumbani. Mtu akisikia Injili kwa lugha ya mama yake, huyo aliyemletea ndiye atakayemkumbuka kuwa wa kwanza.

#31 Kihamba
Mwalimu, Gutmann nampa heshima yake. Lakini Meli alinyongwa na Wajerumani 2 Machi 1900, kichwa chake kinatafutwa mpaka leo, na kanisa lililobaki pale ni la watu wa taifa lilelile. Unataka kuniambia watu walisahau Uanglikana kwa sababu ya tafsiri? Watu walijifunza kunyamaza. Kumtaja Mwingereza wa zamani kulikuwa kama kumtaja Meli.

#32 Mwalimu_wa_Zamani
Inawezekana. Lakini Wajerumani wenyewe waliondolewa 1920. Kama ni hofu tu iliyowafunga watu midomo, hapo ndipo wangeufungua mdomo na kurudi kwa Waanglikana, maana mtawala sasa alikuwa Mwingereza! Hawakurudi. Wakapokea Walutheri wa Augustana kutoka Marekani mwaka 1922, wakangoja, Leipzig wakarejea katikati ya miaka ya 1920. Walimu na wazee Wachagga ndio waliolishika kanisa muda wote ule. Hapo Ulutheri ukawa wa kwao wenyewe.

#33 Akeri
Kusahihisha kidogo tu: si wamisionari wote wa Leipzig waliondoka 1920. Wachache waliozaliwa nchi za Baltiki walibaki, kama Blumer upande wa Arusha. Na Augustana walipowarudishia Leipzig kazi, walielekea Iramba. Walutheri wa Singida wanatokana na hao.

Tukiwa hapo, Meru kwetu Walutheri walianza kwa damu. Segebrock na Ovir waliuawa Akeri Oktoba 1896, siku chache tu baada ya kufika. Jeshi likaja kulipiza, na waliolipa walikuwa Wameru wengi kuliko hao wawili. Kanisa likaja kusimama palepale. Kila nikipita naona makaburi ya wamisionari yana majina. Ya Wameru hayaonekani.

#34 Mwana_wa_Mlima
@Akeri pole. Hilo linahitaji uzi wake, fungua nitachangia.

@Mwalimu_wa_Zamani hoja ya 1920 imeniingia. Na @Lumi_River amenionyesha kwamba waliotaka kubaki Waanglikana walishahama. Labda waliobaki hawakuwa na Uanglikana wa kurudia. Lakini bado sijashiba: Leipzig walipokuja 1893, je, walipewa uwanja na CMS au waliukuta mtupu?

#35 Parokiani_Kilema
Walikabidhiana kiungwana. Leipzig hawakutaka kuonekana wanavuna shamba la wenzao.

#36 Kihamba
Uungwana gani, mmoja ameondolewa kwa shinikizo la gavana? Makubaliano ya mtu aliyefungiwa mlango si makubaliano. Na kama ilikuwa kiungwana, kwa nini waanzie Machame na Mamba, wasubiri mpaka 1896 ndipo waingie Old Moshi?

#37 Chuma_cha_Reli
Kwa sababu Old Moshi palikuwa pametoka vitani na boma la jeshi limehamia hapohapo. Wewe ungepeleka mke na watoto?

#38 Ghuba_ya_Speke
@Kihamba bado hujajibu swali la mwalimu kwenye #13. Kwa nini Waingereza wa Mpwapwa waliachwa?

#39 Kihamba
Mpwapwa hapakuwa na Meli.

#40 Mwalimu_wa_Zamani
Mpwapwa palikuwa na Bushiri. 1889 alikichoma kituo cha CMS. Pale Mwingereza na Mjerumani walikuwa na adui mmoja, mlimani Mwingereza alionekana rafiki wa adui. Hapo @Kihamba nakupa nusu pointi. Nusu nyingine ni ya Mama Mbege.

#41 Zigi_Juu
Nimechelewa. Mmetaja Magila mkaipita haraka. Bonde na Usambara nako kuna vijiji UMCA na Walutheri wa Bethel, misheni nyingine ya Kijerumani, walipakana kiasi kwamba mlima mmoja una kengele mbili. Nakuja na picha kesho asubuhi.